Barua Yetu Ilikosa Kashe

Juma hili tunazungumza juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe. Ni jambo la imeli. Mama asiye na imeli asifunge ukurasa, kwa maana ndani yake atakuta sabuni, minervali ya watoto na pesa za kikundi.

Kabla ya masomo kuanza mwezi wa 9, tulikuwa na sabuni ya mawese iliyokauka vizuri na kupangwa katika katoni. Tulipatana kuandika tangazo moja zuri, lenye picha na bei, tulitume kwa watu wote waliowahi kununua kwetu: wenye maduka wa Baraka, Uvira na Bukavu, na watoto wetu walio mbali ambao huwaagizia wazazi wao sabuni na kulipa kwa simu. Adresi zilikaribia mia tatu. Kijana mmoja anayejua kompyuta alitutafutia programu ya intaneti inayotuma barua nyingi kwa mara moja. Tukaweka humo adresi ya kikundi, ile ya bure tunayoitumia tangu zamani, tukabonyeza, tukangojea.

Tulingojea juma zima. Walijibu watu sita tu. Tukasema labda bei ni kubwa, labda picha ni mbaya, labda watu wametuchoka. Mwishowe tukampigia simu kijana wetu mmoja aliye Marekani.

"Mama, barua gani?" akauliza. "Mimi sikuona kitu."

"Angalia vizuri, mwanangu. Tuliituma siku ya jumatatu."

Akanyamaza kidogo, akitafuta. "Ah! Iko huku kwenye spamu, mama. Imekaa pamoja na wale wanaosema nimeshinda mamilioni."

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa na uchungu. Mteja wetu wa Bukavu, yule anayechukua katoni nyingi kuliko wote, hakuiona hata kwenye spamu. Kwake barua ilirudishwa mlangoni. Alipoona tumenyamaza, alinunua kwa wengine. Sabuni yetu ikauzwa polepole sokoni kwa bei ya chini, na wako wamama kati yetu waliokopa ili watoto wa sekondari waingie darasani. Ndiyo maana tulitaka kujua ni nani aliyeizuia barua yetu, na kwa sababu gani.

Jibu ni kwamba barua yetu ilifika mlangoni ikisema jina lake, lakini haikuwa na kitu cha kuthibitisha jina hilo.

Tufikiri kidogo juu ya desturi yetu. Hapa kwetu, ukipeleka barua kwenye ofisi yoyote bila saini na bila kashe, sekretere ataitazama juu na chini, kisha atakurudishia. Hasemi kwamba wewe ni mwongo. Anasema tu kwamba hajui barua hiyo imetoka kwa nani kweli. Vivyo hivyo kwenye baryeri: unasema jina lako, lakini utaombwa kadi ya uchaguzi.

Imeli ilianza bila kashe na bila kadi. Kanuni za kutuma imeli ziliandikwa mwezi wa 8 mwaka 1982 na Jon Postel, mtaalamu wa Marekani. Wakati ule kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na waliozitumia walijuana, kwa hiyo hakuna aliyefikiri juu ya mwizi. Mtu aliweza kuandika jina lolote kwenye nafasi ya mtumaji, na barua ikaenda. Hata leo kanuni hizo za msingi haziulizi. Mtu wa mbali asiyetujua anaweza kuandika kwamba barua imetoka kwa kikundi chetu, akawaomba watoto wetu pesa za msiba ambao haukutokea. Kwa sababu ya wezi wa namna hiyo, wenye masanduku makubwa ya imeli waliweka walinzi mlangoni. Walinzi hao hutazama mambo matatu, nayo yana majina mafupi ambayo kijana wenu wa kompyuta atayatambua: SPF, DKIM na DMARC.

La kwanza, SPF, ni listi ya wajumbe. Kikundi chenye jina lake kwenye intaneti kinaandika hadharani kwamba barua zetu zinabebwa na kompyuta hizi na hizi tu. Barua ikifika, mlinzi anamtazama mjumbe, kisha anasoma listi. Mjumbe akiwemo, vizuri. Asipokuwemo, kuna mashaka.

La pili, DKIM, ndiyo kashe yenyewe. Kompyuta inayotuma inapiga juu ya barua alama ya siri ambayo mwenye jina peke yake anaweza kuipiga, na mlinzi ana njia ya kuhakikisha kwamba ni ya kweli. Mtu akibadili maneno njiani, kwa mfano akageuza nambari ya simu ya kulipia, alama inavunjika na mlinzi anajua. Kashe inasaidia pia pale listi ya wajumbe inaposhindwa. Mnajua jinsi barua inavyotoka Baraka: dereva anampa mwenye pikipiki, naye anampa mtoto wa jirani. Huyo wa mwisho hayumo kwenye listi yoyote, lakini kashe ingali juu ya karatasi. Imeli pia hupitishwa hivyo, mtu akiipeleka kutoka adresi yake moja kwenda nyingine.

La tatu, DMARC, ni agizo la mwenye jina kwa mlinzi. Linasema kwamba barua ikija kwa jina letu, na kama listi na kashe zote mbili hazilingani na jina hilo, fanya hivi. Maagizo ni ya namna tatu: iache ipite lakini utupe habari, au iweke kwenye spamu, au ikatae kabisa. Mlinzi hutuma ripoti kwa mwenye jina, nayo inaonyesha ni kompyuta zipi zimetuma barua kwa jina lake. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba kuna anayejifanya yeye.

Tuangalie sasa kosa letu. Adresi yetu ilikuwa ya bure, na jina lililo nyuma ya alama ya @ si letu, ni la kampuni iliyotupa adresi. Barua zetu zilibebwa na programu nyingine isiyokuwa kwenye listi ya kampuni hiyo. Programu ilipiga kashe, ndiyo, lakini kashe yake yenyewe. Mlinzi aliona barua yenye jina moja juu na kashe ya jina lingine chini. Je, wewe ungeipokea?

Wala si sisi wa kwanza kuanguka katika shimo hili. Mwezi wa 4 mwaka 2014, Yahoo ilitoa agizo kwamba barua yoyote yenye jina la yahoo.com isiyothibitishwa kuwa ni yake ikataliwe. Ilifanya hivyo kwa sababu wezi walikuwa wanalitumia jina hilo kuwadanganya watu. Lakini vikundi vingi duniani vilivyokuwa vinatuma barua kwa njia za pembeni vikajikuta barua zao zinarudi. Tangu mwezi wa 2 mwaka 2024, Google na Yahoo zilikaza zaidi. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye masanduku ya Gmail sharti awe na yote matatu, SPF, DKIM na DMARC, na katika matangazo yake aweke njia nyepesi ya msomaji kujiondoa. Anayetuma kidogo naye sharti awe na SPF au DKIM. Microsoft ilifuata tarehe 5 mwezi wa 5 mwaka 2025 na masharti yanayofanana kwa wanaotuma nyingi kwenye Outlook na Hotmail. Kwa hiyo sheria hizi zinamgusa hata mama wa Lubondja anayeuza sabuni.

Kikundi kifanye nini?

Kikundi kidogo chenye wateja ishirini au hamsini hakina haja ya kununua kitu. Andikeni moja kwa moja kutoka ndani ya sanduku lenu la bure, bila kupitia programu ya pembeni. Hapo barua inabebwa na mjumbe halali wa kampuni yenyewe, na kashe inalingana na jina. Gmail ya bure hairuhusu kuandikia zaidi ya watu 500 kwa siku, nao wanatosha kwa wengi wetu. Ila adresi za wateja ziwekwe kwenye nafasi ya kopi iliyofichwa, ile inayoandikwa "Cci" kwenye simu za Kifaransa, ili nambari na majina ya watu yasisambae.

Kikundi kinachotaka kutuma kwa mamia, kwa programu ya matangazo, kinunue jina lake chenyewe, linaloitwa domeni. Linaweza kuishia na .cd, ambayo ni alama ya nchi yetu iliyokuja baada ya Zaire kubadili jina mwaka 1997, au na .org, au na nyingine. Linalipiwa kila mwaka, na bei hutofautiana, kwa hiyo ulizeni mahali zaidi ya pamoja. Mkishalipata, programu ya kutuma itawapa mistari michache ya maandishi. Kijana wenu ataibandika kwenye rejista ya jina hilo, pale mlipolinunulia. Mwambieni mambo mawili. Mstari wa SPF uwe mmoja tu kwa jina moja, maana mkiweka miwili walinzi huihesabu kuwa ni kosa. Na DMARC ianze na lile agizo la kupitisha na kutoa habari, kisha mkiona barua zenu zote zinapita vizuri, ndipo mpande hadi kuweka kwenye spamu, na mwisho kukataa. Ukianza na kukataa kabla ya kupanga wajumbe wako, utazikataa barua zako mwenyewe.

Baada ya kubandika mngojee. Mabadiliko huweza kuchukua saa chache, hata siku mbili. Kisha jitumieni barua moja kwenye Gmail, muifungue kwenye kompyuta, mbonyeze vidoti vitatu pembeni mwa barua, halafu "Afficher l'original". Juu kabisa mtaona SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja linatakiwa neno PASS, yaani imepita. Sisi tulipoyaona yote matatu, mama mweka hazina wetu alipiga kigelegele katika ile chumba cha kompyuta hadi watu wakageuka.

Sasa tuseme jambo ambalo vikundi vingi hulisahau. Jina hilo la domeni ni mali ya kikundi, kama shamba. Liandikwe kwa nani? Mara nyingi kijana anayesaidia hulinunua kwa jina lake na imeli yake, si kwa ubaya, ila kwa haraka. Kesho anahamia Kalemie au Lubumbashi, simu yake haipatikani, mwaka unaisha, hakuna wa kulipa, na jina linapotea pamoja na adresi zote. Sisi tumeliandikisha kwa jina la kikundi. Maneno ya siri tumeyaandika kwenye daftari linalokaa ndani ya sanduku la akiba, lile lenye kufuli tatu na wamama watatu wenye funguo. Mmoja peke yake hawezi kulifungua. Na malipo ya mwaka yameingia kwenye bajeti, pamoja na soda na mafuta. Anayetusaidia tunamheshimu na kumlipa kazi yake, lakini ufunguo wa nyumba unabaki kwa mwenye nyumba.

Kashe peke yake haitoshi. Barua yenye kashe halali inaweza bado kutupwa ikiwa wanaoipokea hawaitaki. Kila mara mtu anapobonyeza "spamu" juu ya barua yetu, mlinzi anaandika. Google inasema malalamiko yasifike 3 katika kila barua 1,000, na afadhali yabaki chini ya 1. Ndiyo sababu tumeipitia listi yetu tena. Tuliondoa adresi zilizokufa. Tuliondoa pia watu ambao hawakuwahi kununua wala kuomba habari, bali majina yao tuliyachukua kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina fulani. Hilo halikuwa jambo la heshima. Mtu akisema niondoeni, tunamwondoa siku hiyohiyo bila kuuliza maswali. Sokoni pia, ukimvuta mtu mkono kila siku, atapita njia nyingine.

Sasa tuwageukie wamama wanaopokea barua. Wengi wetu tuna ndugu Nyarugusu, kule Kasulu, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliotoka huku kwetu Kivu ya Kusini. Wengine wana watoto waliokwisha kusafirishwa Marekani au Kanada. Wezi wanajua kwamba tunangojea habari za safari. Barua inakuja ikisema ni HCR, jina lako limetoka, tuma dola za kufungua dosie. Mama, kumbuka hili: huduma za HCR ni bure, kuanzia kuandikishwa hadi safari, hakuna anayeruhusiwa kukuomba pesa, na adresi za wafanyakazi wake huishia na unhcr.org. Jina linaloonekana kwa herufi kubwa juu ya barua lisikutishe, maana yeyote anaweza kuliandika. Bonyeza jina hilo uone adresi kamili. Katika Gmail, ukiona alama ya kuuliza mahali pa picha ya mtumaji, maana yake mlinzi hakuweza kuthibitisha barua imetoka kwa nani.

Lakini hata barua iliyopita kwenye milango yote mitatu isikufanye ulale. Walinzi hawa huthibitisha jina tu, hawathibitishi moyo. Mwizi anaweza kununua jina lake mwenyewe linalofanana na la watu wema, akibadili herufi moja, akaliwekea listi na kashe kamili, na barua yake ikapita. Kashe ya kweli inaweza kuwa mkononi mwa mtu mwongo, sisi tulioishi Kongo tunalijua hilo bila kufundishwa. Kwa hiyo, barua yoyote inayotaja pesa, hasa inayosema nambari ya kulipia imebadilika, tumejiwekea sheria: hakuna franka inayotoka kabla hatujapiga simu kwa nambari tuliyokuwa nayo tangu zamani, tukasikia sauti tunayoijua. Tumewaambia wateja wetu nao wafanye vivyo hivyo kwetu. Hatutakasirika wakituuliza.

Mwezi uliopita tulituma tangazo jipya kwa jina letu wenyewe, kwa watu wachache kuliko mara ya kwanza, maana listi imesafishwa. Waliojibu walikuwa arobaini na mmoja. Mteja wa Bukavu aliandika maneno mafupi: nimeipata, nileteeni katoni nne tu, nione. Zamani alikuwa anachukua ishirini. Hatukumlaumu. Barua moja iliyopotea ilimfundisha kununua kwingine, na sisi tutamrudisha katoni baada ya katoni.

Vikundi vinavyotaka kuona jinsi tulivyofanya, tuonane siku ya posho baada ya soko, mahali petu pa kawaida. Mje na simu iliyochajiwa, na daftari la adresi za wateja wenu. Na mama ambaye amepata barua ya safari inayomtia mashaka, aje nayo pia, tutaifungua pamoja naye kabla hajatuma kitu.